Malengelenge kwenye ubao: kisa cha karakana moja ya Jinja

Ubao wenyewe, wa kuteleza juu ya mawimbi, ulikuwa mfupi na mpana, futi 5 na inchi 6, ujazo wa lita kama 34, umechongwa kwa ajili ya mawimbi ya mto Nile hapa Jinja, Uganda. Wimbi la mto halisafiri kama la baharini. Linasimama pale pale juu ya mwamba, maji ndiyo yanayokimbia chini yake, na mchezaji anateleza akiwa ameelekea maji yanakotoka. Tena maji ya Nile hayana chumvi, hayabebi mtu kama ya bahari ya Mombasa. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa gramu kama 1,025, ya mto ni 1,000. Ndiyo maana ubao wa hapa unahitaji unene zaidi, na kwa kuwa unagonga mawe mara kwa mara, unahitaji gamba la fibaglasi lililoshika vizuri kila mahali. Wa kwetu haukushika.

Nilipoitwa kuuangalia, ngozi ya mgongoni ilikuwa imebanduka pale mguu wa nyuma unapokaa, kipande cha ukubwa wa sahani. Ukikibonyeza, maji yanatoka kwa pembeni. Tumboni kulikuwa na malengelenge, mengine yamekatwa vichwa na msasa yakawa vitundu. Mkiani, ukucha ulikuwa unaacha alama kwenye resini, ile gundi inayolowesha kitambaa cha fibaglasi na kukauka nacho, ambayo ilipaswa kuwa ngumu kama kioo. Na juu ya koti la mwisho kulikuwa na vijishimo vya duara, kama resini ilikimbia sehemu fulani ikakataa kukaa. Fundi alikuwa na jibu tayari: "Resini ilikuwa mbovu. Tumeuziwa iliyokaa sana dukani." Mwenye ubao naye alishakubali hilo.

Mimi sikukubali, na sababu ni rahisi. Resini mbovu huharibu kote kwa namna moja. Ubao huu ulikuwa na makosa ya aina nne, kila moja mahali pake, na kila aina ina chanzo chake. Nikaomba nisimuliwe kazi yote tangu mwanzo, siku kwa siku, saa kwa saa, pamoja na hali ya hewa.

Fundi mkuu ni mtu mzima aliyejifunza kazi kwenye boti za fibaglasi za uvuvi upande wa ziwa. Mkono wake ni mzuri, hilo niliseme wazi, kwa sababu upindo wa kitambaa kwenye kingo za ubao ule ulikuwa umelala kwa unadhifu ambao vijana wengi hawaufikii. Kiini cha ubao kilikatwa kwa waya wa moto kutoka kwenye bonge la stairofomu, ile nyeupe ya punje punje inayofungiwa televisheni. Alijua tayari kwamba stairofomu haipatani na resini ya poliesta, maana stairini, kiyeyushi kilichomo ndani ya poliesta, inakiyeyusha kiini kikabaki shimo. Hilo karibu kila karakana imelijua kwa hasara. Kijana wake aliwahi kuziba bonyeo la stairofomu kwa puti ya magari, ambayo nayo ni poliesta, akaona bonyeo linazidi kuzama mbele ya macho yake. Kwa hiyo safari hii walinunua epoksi, resini isiyoyeyusha stairofomu, na hapo walifanya sawa kabisa.

Kazi ilianza na tumbo, saa mbili asubuhi. Waliichagua asubuhi kwa sababu ndipo mtu anapokuwa na nguvu, hakuna vumbi, na siku nzima iko mbele kwa resini kukauka. Kiini kilikuwa kimelala usiku kucha karakanani, kimepoa kama hewa ya Jinja ya alfajiri, nyuzijoto 20 hivi au chini kidogo. Kitambaa cha gramu 200 kwa mita ya mraba kikatandazwa, resini ikamiminwa, ikasukumwa kwa skwiji, kibapa cha mpira, kuanzia katikati kwenda kingoni. Saa tatu ubao ulikuwa unang'aa. Saa nne, mabati ya paa yamepata joto la jua, kijana akaona povu la kwanza. Wakalisukuma, likaondoka. Baada ya dakika chache likarudi.

Hapo ndipo nilipomsimamisha na kumuuliza, "Lilirudi pale pale, au lilitokea pembeni?"

"Pale pale, ssebo. Tukilifukuza linarudi nyumbani kwake."

Jibu hilo ndilo lililofungua kisa chote. Povu linalotokana na kukoroga resini kwa fujo huwa dogo dogo, limetawanyika ovyo, na ukilisukuma limekwisha. Povu linalorudi mahali pamoja lina mlango unaolilisha kutoka chini, na chini ya kitambaa kuna kitu kimoja tu, kiini.

Stairofomu ya ubao kwa sehemu kubwa ni hewa. Plastiki yenyewe haifiki hata asilimia 3 ya ujazo, iliyobaki ni hewa ndani ya punje na kwenye nafasi kati ya punje na punje. Hewa ikipata joto hutanuka. Kutoka nyuzi 20 hadi 30, inatanuka kwa asilimia 3.4. Piga hesabu kwa ubao wa lita 34: ni zaidi ya lita moja ya hewa inayotafuta pa kwenda. Sehemu kubwa imefungiwa ndani ya punje na haitoki upesi, lakini hata ikitoka moja ya tano tu, hiyo ni glasi ya chai nzima ya hewa inayopenya chini ya kitambaa kibichi, katika saa zile zile ambazo resini ni laini na haina nguvu ya kuizuia. Inatokea kwenye nyufa kati ya punje, na ndiyo maana malengelenge ya tumboni yalikuwa yamejipanga kwa mistari badala ya kutapakaa. Nilipoweka rula juu yake, mistari ile ilifuata mshono ambapo vipande viwili vya stairofomu vilikuwa vimegandishwa pamoja, na sehemu ambazo waya wa moto ulikuwa umeng'oa punje.

Hawakuwa wameziba uso wa kiini kabla ya kuweka kitambaa. Kuna uji mwepesi unaotengenezwa kwa resini na unga wa vijitufe vya kioo, unapakwa kwa skwiji na kukwanguliwa mpaka ubaki ndani ya nyufa tu. Waliuruka ili ubao usiwe mzito. Kwenye stairofomu nzito yenye punje zilizobanana ungeweza kuponea hapo. Hii ilikuwa ya ujenzi, laini, nyufa zake zinaonekana kwa macho.

Sasa angalia jinsi kosa moja la saa lilivyozaa mengine. Wakiwa wanaamini tatizo ni resini, wakasema inachelewa kushika na ndiyo maana mapovu yanapata nafasi. Basi siku ya mgongo waliamua kuiharakisha. Mgongo una tabaka mbili za kitambaa, kwa hiyo resini ni nyingi zaidi, na yote waliichanganya mara moja kwenye mkebe mrefu na mwembamba. Epoksi ikichanganywa na hadina, kile kimiminika cha pili kinachoifanya ikauke, hutoa joto, na ikiwa imerundikana mkebeni joto halina pa kutokea, linaongeza kasi, kasi inaongeza joto. Muda wa kufanyia kazi hupungua kama nusu kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Mkebe ulianza kufuka moshi mikononi mwa kijana. Resini iliyofika kingoni ilikuwa nzito kama asali ya baridi, haikupenya nyuzi, ikaacha mabaka meupe. Dawa yake ni ndogo mno kwa hasara inayozuia: changanya kidogo kidogo, ukimaliza kukoroga mimina yote katikati ya ubao au kwenye trei pana, usiiache mkebeni hata unapozungumza na mtu.

Baada ya mkebe wa kwanza kuharibika, wakakoroga wa pili kwa haraka kwa ajili ya mkia, na fundi akaongeza hadina kwa jicho. Kwa nini mtu mwenye ujuzi afanye hivyo? Kwa sababu kwenye boti za poliesta ndivyo kazi ilivyo. Kule unaweka kichocheo asilimia 1 au 2, ukitaka haraka unaongeza kidogo, kukiwa na jua unapunguza. Miaka yote mkono wake umekuwa ukifanya hivyo na boti zinaelea. Lakini hadina ya epoksi si kichocheo. Yenyewe ni nusu ya jengo, kila molekuli yake inashikana na ya resini, na ikizidi, iliyozidi inabaki haina wa kushikana naye. Resini inakuwa kama mpira, na itabaki hivyo hata ukiingoja mwaka mzima. Ukitaka haraka, unanunua hadina ya haraka, kipimo hakiguswi.

Na kuhusu kipimo, kulikuwa na jambo jingine. Chupa ilisema mbili kwa moja. Hiyo ni kwa ujazo. Wao walitumia mizani ya dijitali, wakapima gramu mbili kwa moja. Hadina kwa kawaida ni nyepesi kuliko resini, kwa hiyo epoksi ya mbili kwa moja kwa ujazo inaweza kuwa 100 kwa 44 hivi kwa uzito, kutegemea aina. Kupima 100 kwa 50 kwenye mizani ni kuzidisha hadina kabla hata hujaongeza ya jicho. Tumboni ziada hiyo ndogo ilivumilika. Mkiani, ikichanganyika na ile iliyoongezwa, haikuvumilika. Mizani ni chombo bora kuliko vikombe, naitetea siku zote, mradi utafute namba ya uzito ya resini yako mwenyewe na kuiandika kwa kalamu kubwa ukutani.

Jioni ile mvua ikanyesha, karakana ikapoa, mkia bado unanata. Mtu akaleta jiko la mkaa, wakaliweka chini ya ubao, wakafunga mlango. Naelewa kabisa mawazo yake. Lakini mkaa unaowaka hutoa kabonidayoksaidi, na hewa baada ya mvua imejaa unyevu, na hadina ambayo haijashikana, hasa iliyozidi, inapanda juu na kuungana na vyote viwili. Asubuhi ubao ulikuwa na utando wa mafuta mafuta, kama sahani iliyooshwa bila sabuni. Achilia mbali hatari ya watu kulala kwenye chumba kilichofungwa chenye jiko la mkaa, jambo ambalo lisiruhusiwe karakana yoyote kwa sababu yoyote.

Utando ule unaondoka kwa maji ya uvuguvugu na sifongo. Ni hivyo tu, kisha kitambaa kikavu, kisha msasa. Ukianza na msasa kabla ya maji unauzika ndani ya mikwaruzo. Wao hawakuosha. Wakapitisha msasa kidogo, wakamimina koti la mwisho la kujazia, na koti likakimbia kila palipokuwa na mafuta. Vile vijishimo vya duara ndivyo hivyo.

Kisha wakasawazisha vilima vya malengelenge kwa msasa namba 80. Kila kilima kilichokatwa kichwa kikawa tundu linaloelekea kwenye kiini, na kwenye kingo msasa ukapita resini ukala nyuzi za kitambaa chenyewe. Ubao ukapakwa, ukapendeza, ukaenda mtoni. Maji yakaingia kwa vitundu, jua likaupasha joto ukiwa juu ya gari, hewa na mvuke vikasukuma kutoka ndani, na palipokuwa pamelegea tayari, chini ya mguu wa nyuma, ngozi ikaachia.

Nilijua maelezo peke yake hayatamshawishi mtu aliyekwisha kuamini kauziwa resini mbovu, wala sikutaka akubali kwa heshima tu. Tukachukua kipande kilichobaki cha bonge lile lile, tukakikata nusu mbili. Nusu ya kwanza ililala usiku ndani, ikawekwa kitambaa na resini saa mbili asubuhi, ikaachwa chini ya mabati. Nusu ya pili ikashinda chini ya mabati hayo hayo mchana kutwa, ikawekwa kitambaa saa kumi na moja jioni, kisha ikapelekwa kwenye chumba cha nyuma chenye ukuta wa matofali. Resini ni ile ile aliyoilaumu, safari hii imepimwa kwa uzito sahihi. Kitambaa kimoja, mikono yake mwenyewe.

Ya asubuhi ilitoa malengelenge kabla ya saa tano. Ya jioni ilitoka safi, unaona punje za stairofomu kupitia kitambaa kana kwamba umezilowesha maji. Kiini kinapopoa, hewa ndani yake inasinyaa, na badala ya kusukuma kitambaa juu inakivuta chini na kunyonya resini kidogo kwenye nyufa. Fundi alivishika vipande viwili, akavigeuza kwenye mwanga kwa muda, akamwambia kijana akafungue shajara ya kazi aandike saa.

Kuhusu matengenezo tulibishana. Yeye alitaka viraka mgongoni ili kuokoa kitambaa na resini, na hoja yake ilikuwa na uzito, kwa sababu epoksi hapa ni ya kuagizwa na bei yake inauma. Mimi nilisema mgongo wote uondoke. Mkia uliolainika hauwezi kupakwa juu. Chochote utakachoweka kitakaa juu ya mpira. Mabaka meupe kingoni ni kitambaa kikavu, hakina nguvu, na ufa utaanzia hapo siku ubao utakapogonga jiwe. Ukijumlisha sehemu zote hizo, kinachobaki kizima mgongoni hakistahili kuokolewa. Tumbo ni tofauti: pale resini ilikuwa imekauka vizuri, kosa lilikuwa malengelenge tu.

Ikawa hivyo. Mgongo ulibanduliwa kwa kisu na subira, kiini kikaachwa kikauke kwa wiki kadhaa kimesimamishwa mkia chini, na hapa nasisitiza, kwa sababu hii ndiyo hatua ambayo kila mtu anataka kuifupisha. Stairofomu iliyokunywa maji inaonekana kavu kwa juu huku ndani bado nzito. Tuliipima kwenye mizani kila baada ya siku kadhaa mpaka uzito ulipoacha kushuka. Malengelenge ya tumboni yalifunguliwa moja moja, kingo zake zikapunguzwa kwa msasa mpaka zikawa mteremko wa sentimita 5 pande zote, nyufa zikazibwa kwa uji mwepesi, vikawekwa viraka vya kitambaa chembamba. Vyote jioni.

Kuna wakati kijana alikuwa ananawa resini mikononi kwa thina. Nilimzuia, na ningemzuia mtu yeyote. Thina inaifanya epoksi ambayo haijakauka iwe nyepesi na kuisaidia kupenya ngozi. Mwili ukishaanza kuikataa epoksi, vipele na uvimbe hurudi kila unapoikaribia, na wako mafundi walioacha kazi kwa sababu hiyo. Glavu kwanza, ikigusa ngozi, sabuni na maji, na taulo ya karatasi.

Tuliongeza kitu kimoja ambacho ubao wa kwanza haukuwa nacho: tundu dogo la kupumulia mgongoni, lenye skrubu na kizibo cha mpira. Jinja iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Ubao wa stairofomu uliofungwa kabisa ukitoka Mombasa kuja huku, hewa ya ndani inakuta mgandamizo wa nje umepungua kwa zaidi ya asilimia 10, kabla hujahesabu jua la njiani. Skrubu inalegezwa safarini, inakazwa kabla ya kuingia majini. Kwenye kizibo wameandika hivyo kwa rangi nyekundu.

Sasa karakanani stairofomu inatolewa nje kivulini tangu saa sita ishike joto la mchana, vitambaa vinakatwa na kupangwa saa tisa, na resini haifunguliwi kabla ya saa kumi na nusu. Kipimajoto kimening'inizwa karibu na mizani. Kikionyesha kinapanda, hakuna anayechanganya. Shida iliyobaki ni miezi ya mvua ndefu, Machi hadi Mei, ambapo jioni ndiyo saa ya mvua yenyewe na unyevu unarudisha ule utando. Kwa siku hizo wanafanya kazi kwenye chumba cha matofali, mlango umefungwa, bila jiko, kwa hadina ya aina isiyotoa utando sana, na asubuhi yake kazi ya kwanza ni ndoo ya maji ya uvuguvugu na sifongo. Radi ikianza kabla resini haijafunguliwa, wanaahirisha hadi kesho jioni, na mwenye ubao anapigiwa simu aambiwe sababu.